Kama huko juu hamna graviti, mbona mwezi hauendi zake?

BabaNeema, Morogoro

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naombeni msaada kwa wale ambao fizikia imewakaa vizuri maana hili swali leo siku ya tatu linanizunguka kichwani.

Binti yangu yupo darasa la sita. Juzi usiku tulikuwa tunaangalia video kwenye simu, wale wanaanga walioko kwenye kituo cha kimataifa kinachozunguka dunia, kuna dada mmoja anaosha nywele, yaani maji hayamwagiki yanaganda tu kwenye nywele kama jeli, halafu anaachia chupa ya shampuu hewani inabaki palepale. Binti akaniuliza baba mbona hawaanguki, nikamjibu fasta kwamba huko juu graviti imeisha. Akanyamaza akaendelea na ugali wake. Baadaye umeme ukakatika tukatoka kukaa nje, mwezi umetoka mkubwa juu ya milima ya Uluguru, akauangalia weee, akaniambia "Baba, mwezi si uko mbali kuliko wale watu? Sasa kama kwao graviti imeisha, mwezi unashikwa na nini usiende zake?"

Nilikosa cha kumwambia. Fizikia nimesoma mpaka kidato cha nne, ile 9.8 ya graviti naikumbuka, uzito ni tungamo (yaani wingi wa kitu chenyewe) mara graviti naikumbuka, lakini hizi mbili nikiziweka pamoja hazikubaliani, ama mwezi ungeondoka ama wale watu wangeanguka. Sitaki kumdanganya mtoto, nimemwambia nitauliza wanaojua.

Kwahiyo wakuu, graviti inaishia wapi? Na kama haijaisha pale walipo, wanaeleaje? Ikiwezekana nipeni na kitu cha kumwonyesha kwa mikono, huyu mtoto maneno matupu hayamtoshi, anataka aone.

Chuma Chakavu

Mkuu graviti inaishia pale hewa inapoishia, kama kilomita 100 kwenda juu. Baada ya hapo ni ombwe, hamna hewa, hamna graviti, ndo maana roketi ikishavuka pale inazima injini inateleza tu. Mwezi una graviti yake wenyewe ndo inaubeba.

Ticha Mtwara

BabaNeema, binti kakushika mahali penyewe hasa, na amefika hapo kwa akili yake bila kufundishwa, mwambie nimempa vema. Nafundisha fizikia sekondari huku, naomba nijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza ndugu yangu Chuma Chakavu, hili tuliweke sawa maana watu wengi sana wanalibeba hivyo. Hiyo kilomita 100 ni mstari wa makubaliano tu, watu wamekaa wakasema tuite anga za juu kuanzia hapa. Hewa na graviti ni vitu viwili. Hewa ndo inashikwa na graviti isitawanyike, graviti haihitaji hewa ili ifanye kazi.

Graviti inapungua kadiri unavyokwenda mbali na KITOVU cha dunia, siyo mbali na ardhi unayokanyaga, na hapa ndo watu wanapoteleza. Wewe uliyekaa hapo Morogoro tayari uko kilomita 6,371 hivi kutoka kitovuni. Kile kituo kiko kama kilomita 400 juu ya ardhi, maana yake kilomita 6,771 kutoka kitovuni. Umeongeza nini hapo? Kidogo tu. Ukipiga hesabu graviti pale walipo ni kama 8.7 badala ya 9.8. Kama mtu angeweza kujenga mnara wa kilomita 400, wewe wa kilo 70 ukapanda mpaka juu ukasimama na ile mizani ya nyumbani miguuni, ingekusoma kama 62. Usingeelea hata nukta, na ungeteleza ungeanguka na ungekufa.

Sasa wale wanaelea kwa sababu gani? Kwa sababu WANAANGUKA. Muda wote. Wao, chupa ya shampuu, maji, kuta za kituo, vyote vinaanguka pamoja kwa kasi ileile, kwahiyo hamna kinachomkandamiza mwenzake. Uzito unaousikia wewe sasa hivi siyo graviti yenyewe, ni kile kiti kinachokusukuma kutoka chini kwenda juu kukuzuia usianguke. Kiti kikianguka pamoja na wewe hakikusukumi tena, husikii uzito, ingawa graviti iko palepale inafanya kazi yake. Kile kitumbo kinavyopanda daladala ikiruka tuta kwa kasi, ndo hicho, umekionja kwa sehemu ya sekunde. Wao wanacho miezi sita mfululizo.

Kitu cha kumwonyesha binti: chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, pasha msumari kwenye jiko utoboe tundu moja ubavuni karibu na kitako. Ziba kwa kidole, jaza maji, kifuniko usiweke. Toa kidole, maji yanaruka nje, kwa sababu maji ya juu yana uzito yanayakandamiza ya chini. Sasa ziba tena, panda juu ya meza, shika chupa juu kabisa, chini kuwe na beseni, toa kidole maji yaanze kutoka halafu ACHIA chupa. Inapoanguka maji yanakata. Tundu liko wazi, maji yamo, lakini hayatoki kwa sababu maji na chupa vinaanguka pamoja, hamna anayemkandamiza mwenzake. Kutoka mita mbili una sekunde 0.6 tu kwahiyo mtu achukue video ya mwendo wa pole kwenye simu. Huko Bremen Ujerumani wamejenga mnara wa mita 146 kwa kazi hiihii ya chupa yako, ndani yake kuna bomba refu lililonyonywa hewa, wanaangusha mitambo humo wanapata sekunde kama 4.7 za kuelea, wanafanyia utafiti.

Utaniuliza sasa kama wanaanguka mbona hawafiki chini. Chukua mlima Kilimanjaro, simama Kibo mita 5,895, hewa tuisahau kidogo. Rusha jiwe kuelekea mashariki, litaangukia hapohapo mlimani. Rusha kwa nguvu zaidi litaangukia Voi. Zaidi tena Malindi, zaidi tena katikati ya Bahari ya Hindi, zaidi tena Indonesia huko. Jiwe linaanguka vilevile kila safari, ila dunia ni mviringo, kadiri jiwe linavyokwenda mbali ndivyo ardhi nayo inavyoinama kulikimbia. Katika sekunde ya kwanza kitu chochote kinaanguka mita 4.9. Na dunia ukienda mbele kilomita 7.9 inainama mita 4.9. Kwahiyo ukirusha jiwe kwa kilomita 7.9 kwa sekunde linaanguka mita 4.9 na ardhi inashuka mita 4.9, umbali unabaki uleule, jiwe linazunguka linakuja kukupiga mgongoni. Newton ndo aliyelifikiria hili, yeye alitumia mzinga juu ya mlima, miaka zaidi ya 300 iliyopita kabla hata ya baiskeli.

Kile kituo kinakwenda kilomita 7.66 kwa sekunde, kinamaliza dunia nzima kwa dakika 90 hivi. Injini hazikibebi juu. Kuna hewa nyembamba sana bado inakikwaruza hata huko kilomita 400, kinashuka kidogokidogo, basi kila baada ya muda wanakisukuma tena.

Na mwezi? Mwezi nao unaanguka. Uko kilomita 384,400, yaani mara 60 ya umbali wako wewe kutoka kitovuni. Graviti inapungua kwa mraba, 60 mara 60 ni 3,600, kwahiyo badala ya kuanguka mita 4.9 katika sekunde moja, mwezi unaanguka 4.9 gawa kwa 3,600, ambayo ni milimita 1.36. Kila sekunde. Newton alipofanya hesabu hii akaona tunda la shambani na mwezi vinafuata kanuni ile moja. Kwahiyo haiishii popote, inafifia tu.

Macho Yangu

Ticha nakuheshimu ila hizi ni nadharia za wazungu. Mimi naona kwa macho, kitu kizito kinashuka, kitu chepesi kinapanda, moshi unapanda, puto linapanda. Hapo hamna cha graviti, ni uzito tu na wepesi.

Fundi Madishi, Dar

Ticha nimekusoma mara mbili, ahsante sana, miaka 14 nafunga madishi na leo ndo nimeelewa kitu ninachokifanya.

BabaNeema mwambie binti ushahidi uko juu ya bati za watu. Satelaiti za tivii ziko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Dishi ukishalifunga ukakaza bolti hulisogezi tena, miaka na miaka, maana yake satelaiti iko palepale ukiiangalia kutoka hapa. Wateja wananiuliza sana mbona haidondoki kama imesimama. Haijasimama. Inakwenda kilomita 3 na kitu kwa sekunde, inazunguka dunia mara moja kwa siku, na dunia nayo inajizungusha mara moja kwa siku, upande uleule, ndo maana unaiona kama imegota. Ina vijiroketi vidogo vya kujirekebisha isihame mahali pake, lakini kinachoishika pale ni hiyohiyo graviti, ingekuwa imeishia kilomita 100 saa hizi wateja wangu wote wangekuwa wanaona chengachenga.

Kitu kingine mtakipenda. Hapa Dar ukilielekeza lile dishi la futi sita kwenye satelaiti iliyopo nyuzi 36 mashariki, dishi linakaribia kulala chali kabisa, kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta na ile satelaiti iko karibu juu ya utosi wetu. Kaka yangu yuko London, dishi la kwao limesimama wima kama mlango linaangalia upeo, kwa sababu satelaiti zote hizi zimepangwa juu ya ikweta na wao wako mbali nayo. Haiwezekani kuiweka moja isimame juu ya London. Inabidi ianguke kuzunguka kitovu cha dunia, ikianzia juu ya London lazima baada ya nusu mzunguko iwe kusini huko. Hili nililikariri kama sheria ya kazi, sikujua kumbe sababu ni hii ya Ticha.

Halafu nimeona kitu kwenye namba zenu, kituo kile cha karibu kilomita 7.66 kwa sekunde dakika 90, satelaiti zangu kilomita 3 saa 24. Mwezi je?

Ticha Mtwara

Fundi umeona vizuri mno. Mwezi ni kilomita 1 hivi kwa sekunde na siku 27 na kidogo kumaliza mzunguko. Kadiri uko mbali ndivyo mvuto ni dhaifu, na mvuto ukiwa dhaifu unaanguka polepole, basi na mwendo wa kukutosha kuikosa ardhi unakuwa mdogo.

Macho Yangu, tuongee. Umesema kizito kinashuka. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga wa Apollo 15, David Scott, alisimama mwezini mbele ya kamera, mkono mmoja nyundo ya kilo 1.3 hivi, mkono mwingine unyoya wa ndege aina ya kozi. Akaviachia pamoja. Vikagusa vumbi pamoja. Video ipo, kaiangalie kwa macho yako hayohayo. Huku kwetu unyoya unachelewa kwa sababu ya hewa, mwezini hamna hewa ya kuuchelewesha.

Na moshi. Moshi unapanda kwa sababu hewa baridi iliyo nzito inavutwa chini kuliko ile ya moto, inaingia chini yake inaisukuma juu. Ukiondoa uzito hamna cha kupanda. Wamejaribu kuwasha moto mdogo ndani ya vituo vya anga, mwali haurefuki kwenda juu kama wa mshumaa wetu, unakuwa duara, mviringo kama mpira, rangi ya bluu, kwa sababu hewa ya moto haijui juu ni wapi. Hata kulala, lazima feni ziwe zinasukuma hewa, la sivyo ile hewa aliyoipumua mwanaanga inabaki inamzunguka usoni. Kwahiyo moshi wako unapanda KWA SABABU ya graviti.

Bi Mwani, Jambiani

Assalam alaykum nyote. Mie si msomi wa fizikia, nalima mwani huku Jambiani tangu mwanangu wa kwanza yu mgongoni, ila huyu bwana aliyesema graviti inaishia kilomita mia nataka nimjibu kwa adabu.

Baba angu, mwezi unatuvuta sie. Kila siku. Bahari yetu inakupwa mara mbili na kujaa mara mbili, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake, kwa vile mwezi nao kila siku unachelewa kutoka hivyohivyo. Ungekuwa mvuto unakatika njiani, bahari isingelijua habari za mwezi hata kidogo.

Sie kazi yetu yote iko kwenye hilo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hapo jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, linakuja bamvua, maji yanajaa mpaka kwenye mizizi ya minazi halafu yanakupwa yanakwenda zake mbali, unakwenda kwa miguu mpaka karibu ya mwamba, mchanga mtupu, ndo tunafunga mwani na tunavuna. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku mwezi unavuta kule, yanakuwa maji mafu, hayajai sana hayakupwi sana, shamba linabaki chini ya maji tunakaa majumbani tunakausha tulichovuna. Hapa hatutazami saa wala kalenda ya ukutani, tunatazama mwezi. Bibi yangu alikuwa akitazama mwezi jioni anakwambia kesho maji yatakupwa muda gani, na hakosei.

Mwanangu anayesoma Chuo Kikuu kanieleza kwamba jua ni kubwa mno lakini kwa kuwa liko mbali nguvu yake kwenye maji haifiki hata nusu ya ya mwezi. Nimemwamini, kwa sababu ndivyo tunavyoiona bahari, mwezi ndo bosi, jua linasaidia.

Mpe salamu huyo Neema. Akija Unguja siku za bamvua nitamtembeza mpaka mwambani.

Chuma Chakavu

Bi Mwani shikamoo. Nimeelewa mama yangu, ahsante, na wewe Ticha pia. Nilifundishwa hivyo na sikuwahi kuuliza. Narekebisha, nisiendelee kuwapa watu makosa.

Sonara wa Mwanza

Mada nzuri sana hii. Mimi nataka kuongezea kwamba hata hapahapa juu ya ardhi graviti haiko sawa kila mahali, na mimi imenigusa kwenye kazi.

Nafanya usonara. Kuna ndugu aliniletea mizani ndogo ya kielektroniki kutoka Uingereza, imeshatumika huko. Nikaweka jiwe langu la kupimia la gramu 100 ambalo nalijua limehakikiwa, mizani ikasoma 99.69. Nikatoa nikarudisha, 99.69. Nikalisafisha jiwe kwa kitambaa na spiriti nikidhani ni mafuta ya vidole, 99.69. Nilikasirika nikajua nimeletewa mizani mbovu. Wiki nzima imekaa kabatini, mpaka mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mizani akaniambia mizani si mbovu, kaizoeze mahali ilipo, weka jiwe la gramu 100 bonyeza kile kitufe cha kurekebisha iambie hii ndo mia. Nikafanya, ikakaa sawa mpaka leo.

Sababu ni kwamba dunia inajizungusha, na sisi wa ikweta tunazungushwa kwa kasi kubwa kuliko wa kaskazini, pia dunia imetuna kiunoni kwahiyo tuko mbali kidogo na kitovu. Graviti ya huku kwetu ni kama 9.78, London ni 9.81, kwenye ncha za dunia ni 9.83. Ni kidogo lakini kwenye kilo moja ya dhahabu ni gramu tatu, na gramu tatu za dhahabu si kitu cha kuachia.

Ila ile mizani ya zamani ya sahani mbili, jiwe huku mzigo huku, haina shida hiyo. Ipeleke London, ipeleke mwezini, kilo ni kilo, kwa sababu graviti inavuta pande zote mbili sawasawa. Ile inapima tungamo. Za springi na za betri zinapima mkandamizo halafu zinakisia tungamo. Watoto wafundishwe tofauti ya uzito na tungamo kwa mizani hizi mbili zikiwa mezani, wataelewa siku hiyohiyo.

Mngomeni

Sisi huku Ngomeni, Malindi, hiyo kasi ya ikweta tuliuza kabisa hehe. Wataliano walikuja wakajenga jukwaa lao baharini, San Marco, yale majukwaa hadi leo ukienda na ngalawa unayaona yamesimama majini. Kuanzia 1967 mpaka 1988 walikuwa wakirusha satelaiti kutoka hapo. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa moja ya Wamarekani ya kuchunguza eksirei za nyota, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Ndiyo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ya eksirei pekee. Mzee wangu alikuwa mvuvi, anasema siku za kurusha walikatazwa kupita upande ule.

Kwa nini waje mpaka huku wakati wana nchi yao? Kwa sababu ardhi ya ikweta tayari inakwenda kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki bila mtu kuweka mafuta. Roketi inayohitaji kilomita karibu 8 kwa sekunde ili ianguke bila kufika chini, kama alivyosema Ticha, hapa inapewa karibu nusu kilomita ya bure. Na mashariki ni bahari tupu, kikiharibika kitu kinaanguka majini.

Watu huuliza mbona Taifa-1, satelaiti yetu ya Kenya, ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 na si hapa. Nyingine ni mambo ya roketi na pesa, lakini pia ile inapita juu ya ncha za dunia, kaskazini kusini, huo msukumo wa ikweta usingeisaidia.

Nesi Tabu

Naongeza moja tu kwa upande wa afya maana naona hamjaigusa. Huko kuanguka muda wote mwili haukupendi. Mfupa usiobeba mzigo mwili unaona hauna kazi unaanza kuumung'unya, wanaanga wanapoteza kama asilimia 1 mpaka 1.5 ya mifupa ya nyonga kwa mwezi, ndo maana kila siku wanafanya mazoezi kama masaa mawili wakiwa wamefungwa mikanda ya kuwavuta chini. Damu na maji vinapanda usoni, ukiwaangalia kwenye video sura zimevimba na miguu imekonda. Nikiona mgonjwa wa kulazwa muda mrefu namwambia hata kukaa tu kitandani miguu ikanyage chini ni dawa, na sababu ni hiihii.

BabaNeema, Morogoro

Wakuu sijui niwashukuru vipi. Bi Mwani shikamoo, salamu zimefika na ameshaanza kuniuliza nauli ya boti.

Leo Jumamosi tumefanya ile ya chupa. Tumetoboa kwa msumari, tukatia unga wa juisi nyekundu maji yaonekane, nikapanda kwenye kiti, mtoto wa jirani kashika simu. Mara ya kwanza chupa ilipinda ikamwagika yote pembeni ya beseni. Mara ya pili nikaishika kwa vidole viwili tu shingoni nikaiachia taratibu. Tumeiangalia video mwendo wa pole karibu mara ishirini. Ule uzi mwekundu wa maji unatoka, unatoka, vidole vinafunguka, na palepale unakatika kama umekatwa na mkasi, chupa inashuka na tundu lake wazi kavu kabisa mpaka inagonga beseni. Nimeishi miaka 41 sijawahi kujua kitu hiki kipo ndani ya chupa ya maji.

Sasa ngoja. Watoto wakaendelea kuchezea, Neema akawa ANAIRUSHA juu kwa mwenzake, kachukua video na yenyewe. Akaja nayo mbio. Maji yamekata hata chupa ilipokuwa inapanda, tangu inatoka mkononi. Ananiambia "Baba, Ticha kasema maji yanakata ikiwa inaanguka. Hapa ilikuwa inapanda." Nimeiangalia mwenyewe, ni kweli, ilikuwa inapanda na hakuna tone.

Ticha uko?

Ticha Mtwara

Nipo, na nimesimama kwenye kiti nasoma hii. Nimefundisha miaka mingi sijawahi kuletewa swali hili na mwanafunzi.

Mwambie hivi. Kuanguka siyo kwenda chini. Tangu chupa inatoka mkononi hamna mkono unaoishika, imebaki na graviti peke yake, hapohapo imeshaanza kuanguka hata kama bado inapanda. Tuseme kairusha kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Graviti isingekuwepo, baada ya nusu sekunde ingekuwa mita 2.5 juu ya mkono wake. Lakini ukipima kwenye video utaikuta kwenye mita 1.28 hivi. Pungufu ni mita 1.22. Sasa ile uliyoiachia wewe kutoka kwenye kiti, ndani ya nusu sekunde ilishuka mita ngapi? Mita 1.22. Ileile. Ya kwako imeanguka mita 1.22 kutoka mkononi, ya kwake imeanguka mita 1.22 kutoka pale ambapo ingekuwa. Chupa mbili, moja inashuka moja inapanda, kuanguka kwao ni kumoja, na maji ya ndani hayajui tofauti.

Na hapo ndo anapopata mwezi wake. Mwezi hauji chini, hausogei kutudondokea, lakini kila sekunde uko milimita 1.36 ndani ya pale ambapo ungekuwa kama ungeendelea moja kwa moja na safari yake. Hizo milimita zikikusanywa sekunde baada ya sekunde ndo zinaupinda ule mstari mpaka unakuwa duara.

BabaNeema, Morogoro

Nimemsomea yote mara mbili. Amenyamaza kama siku ile ya ugali, halafu akaingia ndani. Ametoka na rula yake ya shule, amekaa mlangoni, kaweka ukucha kati ya mstari wa moja na wa pili, anainua macho kuangalia mwezi, anarudi kwenye rula.